Mfalme Charibert na Nyumba Yake



Siku moja baada ya Ibada ya asubuhi tulikaa chini ya mwembe pamoja na wazee wenzetu, tukizungumza habari ya posa. Kijana hana neno, na binti hana neno. Lakini mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Nyumba anayotoka binti huyo imevunjika. Baba amemwacha mama, ameoa kwingine, na huko kwingine nako hakutulia. Mtavuna nini hapo?" Hatukumjibu siku ile. Tulirudi nyumbani tukafungua vitabu vyetu vya historia ya Kanisa, maana tulikumbuka nyumba nyingine ya namna hiyo, tena nyumba ya mfalme.

Kwanza yatupasa kuungama kosa. Miaka mingi tulifundisha somo hili katika chuo cha ualimu, na kila mara tulipofika habari za Kanisa la Uingereza tulishika chaki tukaandika ubaoni: "Mwaka 597, Augustine awasili Kent." Wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafaulu mtihani. Lakini Augustine alipofika Canterbury alikuta kanisa limekwisha kufunguliwa, na ndani yake malkia anasali. Malkia huyo alitoka wapi? Ubaoni petu hakuwapo.

Na tuanze na babu zake. Wafranki walikuwa kabila lililoitawala nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa. Mfalme wao mashuhuri, Clovis, alibatizwa mjini Reims kwa mkono wa Askofu Remigius. Aliyemvuta kwa miaka mingi ni mkewe Clotilde, aliyekuwa Mkristo kabla yake. Clovis alikufa mwaka 511. Clotilde akaenda kukaa Tours, karibu na kaburi la Mtakatifu Martin, akaishi huko maisha ya sala mpaka kufa kwake. Jina hilo la Martin tulishike, tutalikuta tena.

Mwana wao Clothar alikuwa mfalme mwenye nguvu na mume mgumu. Habari zake, na nyingi za habari zitakazofuata, tumezipata katika historia iliyoandikwa na Gregory, Askofu wa Tours tangu mwaka 573 hadi kufa kwake mwaka 594. Anasimulia kwamba mke wa Clothar, jina lake Ingund, alimwomba mumewe amtafutie dada yake Aregund mume mwema mwenye mali. Mfalme akaenda kumtazama shemeji yake. Aliporudi akamwambia mkewe kwamba ametafuta mume wa kufaa na hakuona aliye bora kuliko yeye mwenyewe, hivyo amekwisha kumwoa. Ingund akanyamaza, akaomba tu asinyimwe fadhili za bwana wake. Kila tukisoma habari hii huwa tunafunga kitabu kidogo kabla ya kuendelea.

Charibert alikuwa mtoto wa Ingund huyo. Alikulia katika nyumba ambamo mama mdogo alikuwa pia mke wa baba.

Clothar alipokufa mwaka 561, wana wanne walikuwa hai. Mmoja wao, Chilperic mwana wa Aregund, hakungoja matanga. Aliikamata hazina ya baba, akawagawia zawadi wakubwa wa Wafranki, akaingia Paris. Ndugu zake watatu wakaungana wakamtoa, kisha ufalme ukagawanywa: Charibert akapata Paris, Guntram akapata Orléans, Sigibert akapata Reims, na Chilperic akapata Soissons. Pamoja na Paris, Charibert alipewa miji mingi ya magharibi na ya kusini, na Tours ikiwa mmojawapo.

Alikuwa mtu wa namna gani? Hakuwa mjinga wala mnyama. Mshairi Venantius Fortunatus alimsifu kwa haki yake na kwa ufasaha wake katika Kilatini, ingawa yeye alikuwa Mfranki. Washairi wa wafalme hupenda kusifu, lakini iko habari moja inayompendelea kweli. Watu wa Tours walikuwa wamesamehewa kodi kwa heshima ya Mtakatifu Martin, na Charibert mwenyewe alikwisha kuwaapia kwamba hatawatwisha mzigo mpya. Hata hivyo liwali wake mmoja akatoa orodha ya zamani ya kodi, akaanza kukusanya dhahabu. Askofu wa wakati ule akalalamika. Mfalme aliposikia akaugua moyoni, akaitupa ile orodha motoni, na dhahabu iliyokwisha kukusanywa akairudisha katika kanisa la Mtakatifu Martin.

Hapo alimwogopa Mungu. Lakini siku nyingine maaskofu wa upande wa Bordeaux walimwondoa Askofu wa Saintes, kwa kuwa alikuwa amewekwa kwa amri ya Mfalme Clothar bila kufuata kanuni za Kanisa. Padre aliyepeleka barua yao kwa Charibert aliona cha moto. Mfalme alikasirika kwamba amri ya baba yake inatanguliwa, akaagiza padre yule apakiwe katika gari lililojaa miiba na apelekwe uhamishoni. Askofu Mkuu wa Bordeaux akatozwa vipande 1,000 vya dhahabu. Mtu huyo huyo, wasomaji, alichoma orodha ya kodi.

Sasa tuingie nyumbani mwake. Mkewe wa ndoa aliitwa Ingoberga. Kati ya watumishi wake walikuwako wasichana wawili ndugu, Marcovefa na Merofled, binti za mtu maskini aliyefanya kazi ya sufu. Marcovefa alivaa hata mavazi ya mtawa. Mfalme akawapenda wote wawili. Ingoberga aliona, na wivu ukamkamata. Akatafuta hila: alimwita baba yao kwa siri, akamweka mahali pa kutengeneza sufu ya mfalme, akitumaini kwamba mfalme akimwona mkwe wake mtarajiwa amekaa katikati ya mavumbi ya manyoya ataona haya, na mapenzi yatakwisha. Kisha akamwita mumewe aje atazame kitu kipya. Mfalme akaja, akamwona mzee yule kwa mbali akichambua sufu. Hakuona haya. Alikasirika, na hasira ikamwangukia mkewe. Akamwacha Ingoberga, akamwoa Merofled.

Hatusomi habari hii ili tumfanye Ingoberga malaika. Alimtumia mzee maskini kama kichekesho, na kazi ya mikono ya mtu akaifanya aibu. Alidhani heshima yake ya kuzaliwa itamlinda, isimlinde. Lakini aliyevunja agano la ndoa si yeye.

Baada ya hapo mfalme hakutulia. Alimchukua binti wa mchungaji wa kondoo, jina lake Theudogild, naye akamzalia mtoto wa kiume aliyekufa papo hapo alipozaliwa. Kisha akamwoa na Marcovefa, dada yake Merofled, yaani alifanya lile lile alilofanya baba yake Clothar, na zaidi, maana huyu alikuwa na vazi la utawa. Safari hii Kanisa halikunyamaza. Germanus, Askofu wa Paris, aliwatenga wote wawili na ushirika wa Kanisa, katika mji mkuu wa mfalme mwenyewe. Mfalme hakukubali kumwacha mwanamke. Marcovefa akafa, na muda si mrefu, mwaka 567, mfalme naye akafa. Gregory anaiona kuwa hukumu ya Mungu.

Hakuacha mwana wa kiume. Binti hawakurithi ufalme, kwa hiyo ndugu zake waliigawana nchi yake kama nguo ya marehemu. Kuhusu mji wa Paris walipatana kwamba hakuna atakayeingia bila idhini ya wenzake, na mapatano hayo hayakudumu. Theudogild alijaribu bahati yake: akatuma watu kwa Guntram, shemeji yake, akijitoa awe mke. Guntram akajibu aje, tena aje na hazina yake. Alipofika akamnyang'anya sehemu kubwa ya mali, akampeleka katika nyumba ya watawa mjini Arles. Alipotaka kutoroka alikamatwa, akapigwa, akafungwa humo mpaka akafa. Ndivyo wanawake walivyokuwa wakiishia katika mashindano ya wakubwa.

Na watoto? Binti mmoja, Berthefled, alikuwa mtawa Tours, na Gregory anamlaumu kwamba alipenda chakula na usingizi kuliko ibada. Mwingine, Chrodechild, aliyejigamba kuwa ni binti wa Charibert, aliwekwa katika nyumba ya watawa ya Poitiers. Nyumba hiyo iliasisiwa na Malkia Radegund, mtakatifu, aliyekuwa zamani mke wa Clothar na aliyefariki mwaka 587. Mwaka 589 Chrodechild aliasi. Alitoka na watawa wapatao 40, wakaenda kwa miguu katika mvua mpaka Tours, akilia kwamba wanatendewa si kama binti za wafalme bali kama watoto wa vijakazi. Baadaye akakusanya wahuni wenye silaha, wakamvamia Mama Mkuu usiku. Maaskofu wakaketi hukumuni, akatengwa na Kanisa. Mwishoni alisamehewa, lakini hakurudi utawani. Mfalme alimpa shamba akaishi huko.

Hapo mzee wetu wa chini ya mwembe angesema, "Si niliwaambia?" Tumwombe angoje kidogo, kwa kuwa bado tuna habari za Ingoberga.

Mama huyu aliyeachwa hakuolewa tena. Akaishi kama miaka 20 hivi baada ya kufa kwa mumewe, katika nchi za upande wa Tours na Le Mans. Mwaka ule ule wa 589, Chrodechild akifanya fujo barabarani, Ingoberga alimtumia wajumbe Askofu Gregory, akamwomba aje amsaidie kuandika wasia. Gregory akaenda. Kwa hiyo habari hii hakuisikia kwa watu. Alikaa naye chumbani. Anaandika kwamba alimkuta mwanamke mwenye busara nyingi, mwenye kukesha, kusali na kutoa sadaka. Akaitwa mwandishi wa hati. Mali yake akaigawa: sehemu kwa kanisa kuu la Tours, sehemu kwa kanisa la Mtakatifu Martin, sehemu kwa kanisa la Le Mans. Watu wengi waliokuwa watumwa wake akawaandikia hati za uhuru. Baada ya miezi michache akaugua akafa, akiwa na umri wa miaka kama 70. Zamani alidhani kazi ya sufu yatosha kumwaibisha mtu mbele ya mfalme. Sasa wafanyakazi wake mwenyewe walitoka wakiwa watu huru, na karatasi mkononi.

Katika habari hizo Gregory anaongeza sentensi moja fupi: kwamba aliacha binti mmoja, aliyeolewa na mwana wa mfalme mmoja wa Kent. Hamtaji hata jina. Kent kwake ilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, nchi ya wapagani. Hakujua ameandika nini.

Binti huyo ndiye Bertha, na jina lake tunalipata kwa Padre Bede, mwanahistoria Mwingereza aliyemaliza kitabu chake mwaka 731. Mumewe aliitwa Ethelbert. Bede anasema aliozwa kwa sharti: awe huru kuishika imani yake, na askofu wake, Liudhard, aende pamoja naye. Sharti hili si dogo. Tumewahi kukaa katika vikao vya mahari tukasikia yakitajwa mablanketi, majembe na ng'ombe, na mwisho wazee wakanyanyuka bila mtu kuuliza binti atasali wapi.

Bertha alisali wapi? Upande wa mashariki wa mji wa Canterbury palikuwa na kanisa la kale, lililojengwa, asema Bede, zamani Warumi walipokuwa bado wanaitawala Britania. Lilikuwa kwa jina la Mtakatifu Martin. Wasomaji waone wenyewe: Clotilde mama wa babu yake alizeekea kaburini pa Martin, mama yake aliandika wasia kwa kanisa la Martin, naye katika nchi ya ugeni aliingia kanisa la Martin kila alipokwenda kusali. Kanisa hilo lipo hata leo, na watu wanaabudu humo. Katika karne ya 19 ilionekana katika uwanja wake medali ndogo ya dhahabu yenye jina la Askofu Liudhard.

Miaka ikapita, na mumewe hakubatizwa. Tukumbuke hilo tunapofika mwaka 597. Papa Gregory wa Kwanza (si yule wa Tours, ingawa jina ni moja) alimtuma Augustine kutoka Roma, naye akatua kisiwani Thanet na watu wapatao 40, pamoja na wakalimani wa Kifranki. Ethelbert akaenda kuwasikiliza, lakini akataka wakutane nje, chini ya mbingu, akihofu kwamba ndani ya nyumba wangeweza kumfanyia uchawi. Akawaambia kwamba maneno yao ni mazuri lakini ni mapya, hawezi kuacha mara moja desturi za watu wake wote. Ila hatawadhuru, atawapa chakula na mahali pa kukaa. Akawapa nyumba Canterbury. Nao walikwenda kuimba zaburi na kuadhimisha Misa katika kanisa la Mtakatifu Martin, kanisa la malkia, hadi mfalme alipobatizwa. Papa aliandika baadaye kwamba Krismasi ya mwaka ule walibatizwa watu zaidi ya 10,000. Bede anasema mfalme hakumlazimisha mtu, kwa kuwa amefundishwa kwamba utumishi wa Kristo ni wa hiari.

Mwaka 601 Papa alimwandikia Bertha barua. Alimsifu, akamlinganisha na Helena mama wa Konstantino, akamwambia sifa zake zimefika hata kwa Kaisari huko Konstantinopoli. Lakini katikati ya sifa aliweka kemeo la upole: kwamba ingempasa tangu zamani awe ameugeuza moyo wa mumewe, maana kwa mtu mwenye imani kama yake, tena aliyesoma vitabu, kazi hiyo isingekuwa ngumu wala ya kuchelewa.

Kwa heshima zote kwa Papa Gregory, ambaye ni mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa, hapa hatuko pamoja naye. Yeye alikuwa mtawa. Waulizwe akina mama wetu walioolewa na waume wasioamini, wanaoamka alfajiri kuja Misa na kurudi haraka kabla chai haijaulizwa, kama kazi hiyo ni nyepesi. Mtume Petro katika mlango wa tatu wa waraka wake wa kwanza hakuwaahidi kwamba itachukua muda mfupi. Bertha alikuwa ameona kwao jinsi mke anavyoweza kutupwa kwa kosa la kumwudhi mfalme siku moja. Hata hivyo aliifungua milango ya kanisa lake mwaka baada ya mwaka, kwa lugha ambayo jirani hawakuielewa, mbele ya mume aliyebaki nje. Wageni walipokuja, mume huyo hakuwafukuza.

Bertha alifariki kabla ya mumewe. Ethelbert alikufa mwaka 616, akazikwa katika kanisa la Mitume Petro na Paulo ambalo Augustine alilianza nje ya mji, katika ukumbi wa pembeni alimolazwa Bertha. Ukumbi huo nao ulikuwa wa Mtakatifu Martin.

Msifikiri mambo yalinyooka. Mwana wao Eadbald aliikataa imani akamwoa mke wa baba yake, mke wa pili aliyeolewa baada ya Bertha kufariki. Damu ya Charibert ilikuwa bado inachemka, watu wangesema. Maaskofu wawili wakakimbilia kwa Wafranki, wa tatu akakaribia kukimbia. Mwishoni Eadbald alimwacha mwanamke yule, akabatizwa, akalitunza Kanisa.

Bali binti yao, Ethelburga, alifanya kama mama yake. Alipoposwa na Edwin, mfalme mpagani wa Northumbria upande wa kaskazini, lilitolewa lile lile sharti: ashike imani yake, na aende na askofu wake, Paulinus. Mtoto wake wa kike, Eanfled, alibatizwa sikukuu ya Pentekoste mwaka 626, wa kwanza katika watu wa Northumbria. Pasaka ya mwaka uliofuata Edwin mwenyewe alibatizwa mjini York, katika kanisa la mbao lililojengwa kwa haraka. Miaka michache baadaye Edwin aliuawa vitani. Ethelburga akarudi Kent kwa njia ya bahari pamoja na watoto na Askofu Paulinus. Katika vitu walivyookoa mlikuwa na msalaba mkubwa wa dhahabu na kikombe cha dhahabu cha altareni, na Bede anasema kwamba hata siku zake vitu hivyo vilikuwa vikionyeshwa katika kanisa la Kent.